Lavoisier: Mfaransa aliyeupima moto kwa mizani

KATIKA eneo la Plateau, nje ya mji wa Eldoret, magunzi ya mahindi hukokwa jioni ya baridi na kufikia asubuhi hubaki majivu machache tu. Si ajabu basi mwanafunzi wa sekondari kuingia darasa la kemia akiamini kwamba moto huangamiza kitu, au kwamba chuma kinaposhika kutu hupungua uzito. Asijilaumu. Wataalamu wa Ulaya nao walipotoka vivyo hivyo, hadi alipotokea Antoine Lavoisier.

Alizaliwa Paris mwaka 1743, akasomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mwaka 1768 alijiunga na Akademia ya Sayansi. Mwaka huo huo alinunua hisa katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi, uamuzi uliompa fedha za vifaa na baadaye ukamponza.

Enzi hizo ilisadikiwa kuwa kila kinachoungua hutokwa na dutu iitwayo flojistoni. Lavoisier alishika mizani. Mwaka 1772 alichoma salfa na fosforasi, akakuta uzito umeongezeka! Kisha akapasha bati moto ndani ya chombo kilichozibwa. Uzito wa jumla haukubadilika. Ni pale tu chombo kilipofunguliwa na hewa kuingia ndipo ulipozidi. Kumbe kuungua ni kuungana na sehemu ya hewa. Kutu ni vivyo hivyo, na uzito wa gunzi huondoka na moshi na gesi, haupotei.

Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley alimweleza habari za gesi aliyoipata kutokana na oksidi ya zebaki. Lavoisier aliita gesi hiyo oksijeni, ingawa hakuwa mwepesi wa kuwapa wenzake sifa walizostahili. Mkewe, Marie-Anne, alimtafsiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vifaa vya kitabu chake cha mwaka 1789.

Hata hivyo, bingwa huyo naye alikosea. Jina oksijeni lina maana ya kizaa asidi, kwani aliamini kila asidi ina gesi hiyo. Baadaye Humphry Davy alionyesha kuwa asidi ya hidrokloriki haina.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakuwasamehe wakusanya kodi. Mnamo Mei 8, 1794, Lavoisier, akiwa na umri wa miaka 50, alikatwa kichwa pamoja na wenzake, baba mkwe wake akiwemo. Mjane wake ndiye aliyesambaza maandishi ambayo mumewe alikuwa akiyatayarisha gerezani.