Edgar Allan Poe: Yatima aliyeipa hofu makao ndani ya moyo wa mtu

Tarehe 3 Oktoba mwaka 1849, siku ya uchaguzi katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mtu mmoja alikutwa kwenye baa iliyokuwa ikitumika kama kituo cha kupigia kura. Alikuwa hajitambui, na nguo alizovaa, kuukuu na chafu, hazikuonekana kuwa zake. Alipelekwa hospitalini, akaweweseka kwa siku nne, na alfajiri ya tarehe 7 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 40. Juma moja kabla ya kukutwa hapo alikuwa ameondoka Richmond, Virginia, na alikokuwa katika siku hizo hakujapata kujulikana. Wapo wanaosema ni pombe, wengine kichaa cha mbwa, wengine wanayashuku magenge yaliyokuwa yakiwateka watu na kuwalazimisha kupiga kura mara nyingi kwa majina ya uongo. Hakuna aliyethibitisha.

Huyo ndiye Edgar Allan Poe, mwandishi ambaye hadithi zake fupi za hofu, wazimu na mauti zinasomwa hadi leo katika pembe zote za dunia. Kwa wakazi wa Juba waliosomea Kenya na Uganda katika miaka ya ukimbizi, huenda jina hilo si geni. Maisha yake yanafahamika kidogo zaidi, nayo yanaeleza mengi kuhusu giza lililojaa katika kurasa zake.

Alizaliwa Boston tarehe 19 Januari mwaka 1809. Wazazi wake wote wawili walikuwa waigizaji wa jukwaani, kazi iliyokuwa na makofi mengi na mkate kidogo. Baba aliitupa familia. Mama, Elizabeth, alifariki Richmond mwezi Desemba mwaka 1811 akiwa na umri wa miaka 24, na inaaminika kilichomuua ni kifua kikuu. Aliacha watoto watatu, nao wakagawanywa. Edgar, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu, alichukuliwa na John Allan, mfanyabiashara wa tumbaku mwenye asili ya Uskoti. Allan alimpa jina lake la kati, akamsomesha Uingereza kwa miaka mitano, lakini hakumfanya kuwa mwanawe kisheria. Katika nyumba ile kijana alikula akashiba, akijua kuwa siku yoyote anaweza kuambiwa kwamba si wa hapo.

Siku hiyo ilifika. Mwaka 1826 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia, na kwa kuwa fedha alizopewa hazikutosha, alijitosa katika kamari akaibuka na deni la takriban dola 2,000. Allan alikataa kulilipa. Mwaka uliofuata Poe alijiunga na jeshi kwa jina la bandia, akidanganya pia umri wake, na mwaka huohuo akachapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi, nakala zipatazo 50 tu, bila jina lake juu ya jalada. Baadaye aliingia chuo cha kijeshi cha West Point, akakiuka amri kwa makusudi hadi mahakama ya kijeshi ikamfukuza mwaka 1831. Allan alipofariki mwaka 1834 akiwa tajiri, hakumwachia hata senti moja.

Makao ya kweli aliyapata kwa shangazi yake, Maria Clemm, mjane maskini wa Baltimore. Mwaka 1836 alimwoa binti wa shangazi huyo, Virginia. Poe alikuwa na miaka 27. Bibi harusi alikuwa na miaka 13. Jambo hilo halipaswi kupitwa kimyakimya kwa sababu tu mwandishi ni mashuhuri: leo hii, Juba au Baltimore, hiyo huitwa ndoa ya utotoni. Wote watatu waliishi pamoja, wakihama mji hadi mji kila Poe alipopata au kupoteza kazi ya uhariri.

Katika kuhama huko ndipo alipoandika hadithi zilizompa jina. Mwaka 1839 ilitoka ile ya kuanguka kwa nyumba ya Usher, ambamo dada wa mwenye nyumba anawekwa kaburini kabla ya kufa. Mwaka 1843 ikafuata ile ya mtu anayemuua mzee kwa sababu ya jicho lake tu, akamficha chini ya sakafu, kisha akausikia moyo wa marehemu ukidunda mbele ya askari hadi akajitoa mwenyewe. Mwaka huohuo akaandika juu ya mlevi, paka mweusi na mke aliyefichwa ndani ya ukuta. Poe mwenyewe alipambana na pombe maisha yake yote, na bila shaka alijua alichokuwa akikieleza.

Waliolelewa kwa ngano za majini na mizimu wataona tofauti hapa. Katika masimulizi hayo hatari hutoka nje: porini, mtoni, makaburini. Poe aliihamishia ndani. Muuaji wake anasimulia kwa utulivu na kwa mantiki, akishikilia kwamba ana akili timamu, na kadiri anavyojitetea ndivyo msomaji anavyozidi kuuona wazimu wake. Hakuna mganga wa kuitwa, kwa kuwa hakuna pepo.

Hadithi moja inagusa Sudan Kusini kwa namna ya pekee. Mwaka 1842 Poe aliandika juu ya maradhi aliyoyaita Kifo Chekundu, yanayoanza kwa maumivu makali na kizunguzungu na kuishia kwa mgonjwa kutokwa damu. Mtawala wa nchi anajifungia katika jengo lenye kuta imara pamoja na marafiki 1,000, wakicheza ngoma huku raia wakiteketea nje, hadi maradhi yenyewe yanapoingia karamuni. Miaka 134 baadaye, mwaka 1976, ugonjwa wa Ebola ulizuka Nzara na Maridi, katika Ikwetoria Magharibi ya leo. Watu 284 waliugua na 151 walifariki, na huko Maridi hospitali yenyewe ikawa njia ya kuusambaza, wauguzi wakifa pamoja na wagonjwa wao. Poe hakuijua Ebola. Alichokijua ni kwamba ukuta hauchagui wa kumkinga.

Nyumbani kwake mauti yalikuwa yameshabisha hodi. Mwezi Januari mwaka 1842 Virginia alikuwa akiimba, damu ikamtoka kinywani. Kifua kikuu kilimla kwa miaka mitano. Mwaka 1845 shairi la Poe kuhusu kunguru lilimletea umaarufu wa ghafla, lakini malipo yake hayakufika hata dola 20. Hadithi ya moyo unaodunda ilimpa dola 10. Katika kibanda cha Fordham, nje ya New York, baridi ya mwisho ya Virginia ilimkuta akiwa kwenye kitanda cha majani makavu, amefunikwa koti kuukuu la mumewe. Alifariki tarehe 30 Januari mwaka 1847, naye akiwa na miaka 24, umri uleule wa mama yake Edgar.

Poe aliacha pia urithi wa aina nyingine. Mwaka 1841 alimbuni mpelelezi Dupin wa Paris, anayefumbua mauaji kwa kufikiri tu. Kwa Dupin alipatikana Sherlock Holmes wa Uingereza, na kwa Holmes akapatikana Bwana Msa wa Zanzibar, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Msomaji wa Kiswahili, pasipo kujua, amekuwa jirani wa Poe kwa zaidi ya miaka 60.

Siku mbili baada ya kifo chake, mhasimu wake Rufus Griswold alichapisha tanzia ya kumchafua, kisha akaandika wasifu uliojengwa juu ya barua alizozighushi. Watu wengi waliuamini kwa miaka mingi. Aliyemwinua tena ni mfasiri, mshairi Charles Baudelaire wa Ufaransa, aliyetumia zaidi ya miaka 15 kuzihamishia hadithi zake katika Kifaransa.

Mazishi ya Baltimore yalihudhuriwa na watu wachache mno, na kaburi likakaa kwa muda mrefu bila jiwe. Mwaka 1875 hatimaye alijengewa mnara, na miaka 10 baadaye mabaki ya Virginia yakaletwa kando yake. Kwenye mnara huo tarehe ya kuzaliwa imechongwa Januari 20, siku moja mbele ya ile ya kweli.