Otto Loewi na Mioyo ya Vyura

Weka mkono kifuani uyasikie mapigo ya moyo. Neva huyapunguza bila wewe kuamuru. Lakini huuambiaje moyo?

Otto Loewi, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1873, aliota njia ya kulijua jambo hilo, akaiandika, na asubuhi asiweze kuusoma mwandiko wake! Usiku wa pili ndoto ikarudi. Akaenda mara moja maabarani, mjini Graz, Austria. Aliisisimua kwa umeme neva ya moyo wa chura, mapigo yakapungua. Maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia katika moyo wa pili, usio na neva. Nao ukapunguza mapigo! Kumbe neva hutoa kemikali.

Ugunduzi huo wa mwaka 1921 ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga, wakamlazimisha kuwapa fedha za tuzo. Alifariki New York mwaka 1961.