Benjamin Gompertz, Mtaalamu wa Hesabu za Bima

Wanafunzi wangu wa hesabu huniuliza mara kwa mara ni digrii gani itakiwayo ili mtu awe akchuari, yaani mtaalamu wa hesabu za bima. Kabla sijajibu, nataka niwaelezeni habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo pasipo digrii yo yote.

Benjamin Gompertz alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1779, katika jamaa ya Kiyahudi. Wakati ule vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikumpa digrii mtu asiyekuwa wa Kanisa la Kiingereza. Basi mlango huo ulifungwa mbele yake. Lakini hakukata tamaa. Alijifunza mwenyewe, akasoma vitabu vya Newton na vya wengineo.

Tena alijiunga na chama cha hesabu cha Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa hariri. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1717. Kanuni yao moja yanipendeza sana: mwanachama akiulizwa swali la hesabu na mwenziwe, ilimpasa amfundishe kwa njia iliyo nyepesi kabisa.

Mwaka 1819 Gompertz alichaguliwa kuingia Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1824 kampuni mpya ya bima, Alliance, ilimfanya akchuari wake.

Kazi yake ilikuwa nini? Mtu akikata bima ya maisha hulipa ada kila mwaka, naye akifa jamaa zake hupewa fedha. Ada ikiwa ndogo mno, kampuni hufilisika na wajane hukosa haki yao. Ikiwa kubwa mno, walipaji hudhulumiwa. Kwa hiyo sharti ikadiriwe ni watu wangapi wa kila umri watakaokufa katika mwaka. Mwaka 1825 Gompertz alionyesha kwamba, mtu akishapita ujana, hatari ya kufa huongezeka kama deni lenye riba juu ya riba: kila ipitapo miaka kadhaa, huzidishwa kwa kiasi kile kile. Kanuni hiyo yafundishwa hata leo.

Alistaafu mwaka 1848, mwaka ule ule maakchuari walipoanzisha chama chao London. Alifariki mwaka 1865.

Sasa jibu langu. Siku hizi njia ya kawaida ni digrii ya hesabu, ya takwimu, au ya sayansi ya akchuari, ambayo hufundishwa Nairobi na Dar es Salaam pia. Lakini digrii peke yake haitoshi. Baada yake iko mitihani ya chama cha maakchuari, na wengi huifanya kwa miaka kadhaa: mchana wako kazini, usiku wanasoma, wala hapana mwalimu wa kuwasimamia.

Basi, vijana, mlango uliofungwa kwa Gompertz umefunguliwa kwenu, lakini tabia yake mnaihitaji vile vile. Jizoezeni tangu sasa kusoma bila kusukumwa. Na mwenzenu akiwauliza swali la hesabu, mfundisheni kwa njia iliyo nyepesi.