Van Gogh, mchoraji aliyetoka kwa wachimbaji

Ndugu wachimbaji, Vincent van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853. Mwisho wa 1878 alifika Borinage, Ubelgiji, kuhubiria wachimbaji wa makaa ya mawe. Alishuka nao mita 700 chini ya udongo, akagawa nguo zake. Wakubwa wa kanisa hawakupenda vile, wakamutoa kazini 1879.

Mwaka 1880, na franga 10 tu mufukoni, alienda kwa miguu mpaka Courrières, Ufaransa, kuona kazi ya mchoraji Jules Breton. Kufika mulangoni, alikosa nguvu ya kuingia. Lakini njo mwaka ule aliamua kuwa mchoraji, akachora wachimbaji wanaenda kazi ndani ya theluji. Alikufa 1890, miaka 37.

Mutoto wa muchimbaji akishika kalamu, tusimunyanganye.