Donald Davies, mutoto wa bonde la makaa

Kila siku ku nyumba zetu watoto wanashika telefoni, wanatelesharje wimbo ao filme. Tukiona ile alama inajaa polepole, tunazani wimbo inakuja nzima, sawa maji mu tiyo. Haiko vile. Inakuja vipande vipande, na mumoja wa wale waliowaza ile njia alizaliwa kati ya watu wa mine, kama watoto wetu.

Jina lake Donald Davies. Alizaliwa tarehe 7 juni 1924 ku Treorchy, mu bonde la Rhondda, inchi ya Wales, fasi watu walikuwa wanachimba makaa ya mawe. Baba yake alikuwa karani wa mine. Alikufa miezi michache kisha Donald na pacha wake, musichana, kuzaliwa. Mama akabeba wale wawili, akarudi kwao Portsmouth. Sisi wa mine tunaijua ile safari ya mujane.

Yule mutoto bila baba alisoma sana. Ku London akapata diplome ya fizike mu 1943, na ya hesabu mu 1947. Ule mwaka akaingia ku laboratware ya serikali ku Teddington, akatumika na Alan Turing ku ordinatere moja ya zile za kwanza za Uingereza.

Mu 1965 akashika shida moja. Ordinatere ikiongea na ingine mu waya ya telefoni, inasema kidogo, kisha inanyamaza. Lakini waya inabaki imefungwa, mwengine hapiti. Ni sawa kufunga barabara ya Kolwezi siku nzima juu ya kamyo moja. Davies akawaza: ujumbe ugawanywe mu mizigo midogo, kila muzigo na namba yake na adrese yake. Ipite mu njia yenye kuwa wazi, ichanganyike na ya wengine. Kule inafika, inapangwa kwa namba. Leo, muzigo ukipotea, ordinatere inauomba tena.

Akatafuta jina lenye kueleweka mu luga zingine pia: paketi.

Ku Marekani, Paul Baran alikuwa ameshawaza vile mbele yake, bila wao kujuana. Davies aliomba rezo ya inchi nzima, hakuipata; akajenga ya laboratware tu. Lakini mu 1967 mwenzake Roger Scantlebury akapeleka ile kazi mu mukutano ku Marekani, na wenye kujenga ARPANET wakaishika. Mu ile rezo njo intaneti ilitoka.

Davies alikufa mu 2000. Basi, wimbo ikisimama katikati, tusipige telefoni ku meza: paketi zingine ziko njiani. Na mutoto wa mutu wa mine akishika kitabu, hata kama baba hayuko tena, tumuache asome.