Crystal Eastman

Crystal Catherine Eastman (25 Juni 1881 – Julai 1928) alikuwa mwanasheria, mwandishi na mtetezi wa haki za wafanyakazi na wanawake kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa uchunguzi wake wa ajali za kazini katika eneo la Pittsburgh, ulioonyesha kwamba ajali nyingi zilitokana na jinsi kazi ilivyopangwa, wala si uzembe wa mfanyakazi peke yake.

Maisha ya awali

Eastman alizaliwa Marlborough katika jimbo la Massachusetts, akakulia katika jimbo la New York. Baba yake, Samuel, na mama yake, Annis, wote walikuwa wachungaji, ingawa wakati huo wanawake wachungaji walikuwa wachache sana. Kaka yake, Max Eastman, alikuwa mwandishi mashuhuri.

Alihitimu masomo katika Chuo cha Vassar mwaka 1903. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili ya sosholojia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1907 akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha New York.

Uchunguzi wa Pittsburgh

Mwaka 1907 alijiunga na utafiti mkubwa kuhusu maisha ya wafanyakazi wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Utafiti huo uliongozwa na Paul Kellogg na kugharimiwa na taasisi ya Russell Sage. Mji huo ulikuwa kitovu cha viwanda vya chuma, na wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya. Eastman alikabidhiwa sehemu iliyohusu ajali.

Alianza na kumbukumbu za ofisa wa serikali aliyechunguza vifo vya ghafla katika wilaya ya Allegheny. Kati ya tarehe 1 Julai 1906 na 30 Juni 1907, watu 526 walikufa wakiwa kazini. Kati yao 195 walikuwa wafanyakazi wa chuma, 125 wa reli, 71 wa migodi, na 135 wa kazi nyinginezo.

Kumbukumbu hizo zilieleza jinsi mtu alivyokufa, lakini mara nyingi hazikueleza kwa nini. Kwa hiyo Eastman na wasaidizi wake, ambao baadhi yao walijua lugha za wahamiaji, walikwenda kuwahoji jamaa za marehemu na watu walioifahamu kazi yenyewe.

Vyanzo vya ajali

Waajiri wengi walidai kwamba karibu kila ajali ilisababishwa na uzembe wa aliyeumia. Eastman alipopitia vifo kimoja kimoja, aliona kwamba katika baadhi yake marehemu alikuwa amekosea kweli. Lakini vingine vingi vilitokana na mitambo isiyo na kinga, vifaa vibovu, maagizo ya wasimamizi, au hatari iliyomo katika kazi yenyewe.

Hata pale mfanyakazi alipokosea, Eastman hakuishia hapo. Aliuliza ni nini kilichomfanya akosee. Katika viwanda vya chuma watu wengi walifanya kazi saa 12 kwa siku, katikati ya joto kali na kelele. Katika matanuri ya kuyeyusha chuma, zamu ya mchana na ya usiku zilipobadilishana kila baada ya wiki mbili, wengine walifanya kazi saa 24 mfululizo. Mtu aliyechoka hivyo huchelewa kuiona hatari. Migodini, mchimbaji alilipwa kulingana na uzito wa makaa ya mawe aliyotoa, kwa hiyo muda wa kusimamisha nguzo za kuzuia paa lisianguke haukuwa na malipo. Kwa kijana mgeni kazini tatizo lilikuwa kutojua, na kwa mzoefu lilikuwa kuizoea hatari aliyokutana nayo kila siku.

Suala la fidia

Jibu la swali la chanzo ndilo lililoamua maisha ya wajane na yatima. Kwa sheria ya wakati huo, mwajiri aliweza kukwepa kulipa kwa hoja tatu:

1. mfanyakazi alichangia ajali kwa kosa lake mwenyewe;
2. ajali ilisababishwa na mfanyakazi mwenzake;
3. mfanyakazi alijua hatari ya kazi alipokubali kuajiriwa.

Katika familia za waliokuwa wameoa, zaidi ya nusu zilipata kutoka kwa mwajiri dola 100 au pungufu, au hazikupata chochote. Eastman alipendekeza kwamba fidia ilipwe bila kutafuta nani mwenye kosa. Alisema kwamba hasara ya ajali ni sehemu ya gharama za uzalishaji, na kwamba mwajiri anayelazimika kulipia kila ajali atakuwa na sababu ya kuizuia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1910 katika kitabu chake Work Accidents and the Law.

Sheria ya New York

Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa katibu wa tume ya jimbo la New York iliyoshughulikia suala hilo, akiwa mwanamke pekee katika tume hiyo. Mwaka 1910 jimbo lilipitisha sheria ya kuwalazimisha waajiri wa kazi za hatari kulipa fidia. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo iliitangaza kuwa kinyume cha katiba. Kesho yake moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York na kuua watu 146. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 1913 wapiga kura waliidhinisha marekebisho ya katiba ya jimbo, na sheria mpya ya fidia ikaanza kutumika mwaka 1914. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali.

Maisha ya baadaye na kifo

Eastman alipigania pia haki ya wanawake kupiga kura, alipinga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na alishiriki kuanzisha chombo cha kutetea uhuru wa raia. Aliolewa mara mbili na kupata watoto wawili. Alifariki mjini Erie, Pennsylvania, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 2000 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya kitaifa ya wanawake wa Marekani.