MAISHA YA EDMOND BECQUEREL, MTU ALIYEONA UMEME KATIKA MWANGA



Katika saa ya fizika, jina la Becquerel tunalisikia tunaposoma habari za uranium. Yule ni Henri. Leo tunawaletea maisha ya baba yake, Edmond, ambaye wengi wamemsahau. Kumbe kazi yake iko juu ya mapaa ya nyumba nyingi.

Edmond alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 24 Machi 1820. Baba yake, Antoine César, alikuwa profesa na mtaalamu wa umeme. Mwaka wa 1838 Edmond alikubaliwa katika shule kubwa mbili, École Polytechnique na École Normale Supérieure. Akaziacha zote! Alipenda kumsaidia baba yake katika labo. Siye tunaohangaikia diploma tunashangaa, lakini kijana huyu hakukimbia masomo. Aliyafuata mahali kazi ilipofanyika.

Mwaka uliofuata, 1839, akiwa na miaka 19 tu, alitia sahani mbili za platini katika maji yenye asidi, akaziunganisha na galvanometri. Juu ya platini alipaka ngozi nyembamba ya kloruri ya fedha, kitu kinachogeuka rangi kikipigwa na mwanga. Sahani moja akaiangazia jua, nyingine ikabaki gizani. Basi, sindano ikacheza! Mwanga wenyewe ulikuwa umezaa umeme.

Umeme ule ulikuwa kidogo sana, haukuweza kuwasha hata taa moja. Mwingine angesema ni bure. Edmond alipima, akaandika, akaendelea na kazi. Mwaka wa 1848 alipata picha ya rangi zote za mwanga wa jua, lakini hakuweza kuzizuia zisifutike. Picha ilipaswa kukaa gizani. Baadaye alitengeneza chombo cha kupima muda ambao kitu kinaendelea kung'aa baada ya mwanga kuondolewa. Alichunguza hivyo hata chumvi za uranium. Baba yake alipofariki mwaka wa 1878, alishika kiti chake cha uprofesa. Yeye mwenyewe alifariki Paris tarehe 11 Mei 1891. Miaka 5 tu baadaye, Henri, akitumia chumvi za uranium, alivumbua miali ambayo ndiyo tunasoma darasani.

Na ile sindano? Ilingoja. Ni mwaka wa 1954, huko Marekani, paneli ya silisi ilipoweza kugeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka wa 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba oksidi ya titani, ikiangaziwa ndani ya maji, inayapasua maji yenyewe kuwa oksijeni na hidrojeni. Mwaka wa 1991, huko Uswisi, O'Regan na Grätzel walipaka oksidi ileile juu ya kioo, ngozi nyembamba sana yenye rangi ya kunasa mwanga, wakapata umeme. Oksidi hiyo ndiyo inayofanya rangi ya kuta iwe nyeupe. Ngozi nyembamba, maji, mwanga: ni njia ya Edmond.

Edmond hakuona hata paneli moja. Alipanda, wengine wakavuna. Wenzetu, siku sindano ya labo yetu itakapocheza kidogo tu, tusicheke. Tuandike.